Sauti yako inalala wapi? Kompyuta ya mwandishi na siri za waliokimbia vita

Siku nyingi mnaniona na kinasa sauti mkononi, na mwenye kuuliza ni mimi: mlitoka kijiji gani, mlikimbia siku gani, nani alibaki nyuma. Mara hii ni zamu yangu kujibu. Kuna swali nimeulizwa kambini, nimeulizwa sokoni, na nimeulizwa na wazee wanaoishi katika familia zilizowapokea hapa mjini Bunia: tukimaliza kusema ndani ya mikro yako, sauti yetu inaenda kulala wapi?

Jibu fupi ni hili: inalala ndani ya kompyuta. Jibu refu linahitaji uvumilivu kidogo, kwa sababu kompyuta yangu inaendeshwa na Linux, na ndani yake kuna kompyuta nyingine ambazo hazishikiki kwa mkono. Mafundi wanaziita mashini pepe. Nitaeleza kama nilivyofundishwa na fundi mmoja wa mjini, mtu mpole ambaye hakuchoka na maswali yangu. Usalama wa mtu aliyesema haufai kubaki maneno ya mafundi peke yao.

Kwanza, kwa nini jambo hili ni zito kwetu. Jimbo letu la Ituri, pamoja na Kivu ya Kaskazini, liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Vikundi vyenye silaha ni vingi. Mtu kufika kambini bado si kutoka hatarini. Wote tunakumbuka kambi ya Plaine Savo, katika teritware ya Djugu, mwanzoni mwa Februari 2022, ambapo watu zaidi ya 50, waliokuwa wamekimbia tayari, waliuawa usiku pale pale walipokimbilia.

Kwa hiyo mtu anaponieleza ni nani alichoma nyumba yake, au njia gani familia yake ilipita msituni, ananipa kitu kinachoweza kumuua. Hata nikiacha jina lake, sauti ni kama uso. Jirani atamjua kwa neno moja, kwa kikohozi, kwa jinsi anavyomwita mtoto.

Sasa turudi kwenye mashini. Linux ni mfumo wa bure unaoendesha kompyuta, kama vile Windows. Mimi naitumia kwa sababu hailipiwi, na inakubali kompyuta ya zamani. Yangu ni ya okazioni, RAM yake giga 8. Tangu mwaka 2007, ndani ya kiini cha Linux kuna kitu kinaitwa KVM, kinachoruhusu kompyuta moja kubeba nyingine ndani yake. Kikishirikiana na programu inayoitwa QEMU, unaweza kufungua dirisha, na ndani ya dirisha hilo kuna kompyuta nzima: ina mfumo wake, diski yake, mafaili yake. Yenyewe inaamini iko peke yake duniani.

Mafundi huita kompyuta ya nje mwenyeji, na ile ya ndani mgeni. Sisi tunayajua maneno hayo vizuri. Nyumba ngapi hapa Bunia zimepokea wageni waliokimbia? Mwenyeji anatoa chumba, mgeni anaweka godoro na sufuria zake. Mwenyeji mwema atagonga mlango. Lakini nyumba ni yake. Akitaka kuingia ataingia, na ufunguo wa mlango wa nje uko mfukoni mwake. Picha hiyo inatosha kuelewa karibu yote nitakayosema.

Mimi natumia wageni wa ndani kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kupokea vitu nisivyovijua. Watu wananitumia picha, barua za matangazo, majina ya waliokufa, sauti kwenye WhatsApp. Wengine wananiletea flashi. Siwezi kukataa, hiyo ndiyo kazi. Lakini faili inaweza kubeba programu mbaya ya kuiba maneno ya siri au kusikiliza mikro. Kwa hiyo kitu nisichokijua nakifungulia ndani ya mashini pepe ambayo haina intaneti, haina mikro, haina kamera. Nikimaliza naifuta yote, na kesho naanza na nyingine safi. Kama kulikuwa na sumu, imekunywewa na mgeni ambaye hakuishi hadi asubuhi.

Ukuta kati ya mgeni na mwenyeji ni mzuri, lakini ni ukuta uliojengwa na watu. Mwezi wa 5 mwaka 2015 ulitangazwa ufa ulioitwa VENOM, ndani ya QEMU yenyewe. Ulikuwa katika sehemu inayoigiza diski laini za zamani, zile ambazo vijana wa leo hawajaziona, na ulikaa humo tangu 2004 bila kutangazwa. Kwa njia yake, programu mbaya iliyo ndani ya mgeni ingeweza kutoka na kumfikia mwenyeji. Ulizibwa haraka. Mimi nilichukua mafunzo mawili. Kila juma nasasisha mfumo wa nje na wa ndani, hata kama megabaiti zinaniuma mfukoni. Na mgeni simpi kifaa asichokihitaji, kwa sababu kila kifaa ni dirisha jingine ukutani.

Kazi ya pili ni kutenganisha. Habari moja nyeti, mashini moja. Sauti za watu wa eneo fulani hazikai pamoja na barua zangu, picha za watoto wangu, wala akaunti zangu za mtandaoni.

Mpaka hapo, mtu angesema: mwandishi huyu amejipanga, tumwamini. Lakini kuna mama mmoja aliniuliza zaidi ya hapo. Sitataja kambi yake wala mahali alipotoka. Alikuwa tayari kusimulia mambo aliyoyaona, na kabla sijawasha kinasa sauti akasema: «Mwandishi, jina langu nimekukataza, na umekubali, aksanti. Sasa hii sauti yangu nayo? Ukimaliza kuitangaza, utaifuta? Kabisa kabisa?»

Nilimwambia: «Mama, nipe siku mbili nikuangalilie. Nisikujibu kitu nisichokihakikisha.»

Akasema: «Nenda, mwanangu. Mimi niko hapa, nitaenda wapi?»

Nikarudi nyumbani, nikafuata njia ya sauti moja kama mtu anayefuata maji kutoka chemchemi mpaka mtoni. Ni kazi ambayo kila mwenzangu angeifanya mara moja katika maisha yake.

Sauti inaanza kwenye kadi ya kinasa sauti. Inapita kwenye diski ya mwenyeji, hata kama ni dakika moja tu, kabla ya kuingia kwa mgeni. Ndani ya mgeni inakaa kwenye diski pepe. Na diski hiyo pepe, ukiitazama kutoka nje, ni faili moja tu kubwa. Kwenye Linux nyingi faili hilo linawekwa chini ya /var, katika folda la libvirt. Mtu aliyefunga kwa siri folda lake la nyumbani peke yake, akadhani amefunga kila kitu, mgeni wake amelala nje barazani. Mwizi akichukua kompyuta, anatoa diski, anaiunganisha kwenye kompyuta yake, na anasoma faili hilo bila kujua neno la siri hata moja.

Halafu kuna snapshoti. Hiyo ni picha ya mashini pepe jinsi ilivyokuwa saa fulani, ili ukiharibu kitu urudi nyuma. Inasaidia sana. Lakini fikirieni: kama snapshoti ilichukuliwa Jumatatu, na sauti ya mama ilikuwamo, na mimi nikaifuta Alhamisi, sauti imefutika Alhamisi tu. Jumatatu bado ipo. Yeyote mwenye mashini anarudisha picha ya Jumatatu, na mama anaanza kusema tena.

Hata bila snapshoti, faili iliyofutwa haiondoki papo hapo. Kinachoondoka ni jina lake kwenye orodha. Maneno yenyewe yanabaki kwenye diski pepe mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Na mashini pepe ikisimamishwa kidogo na kuhifadhiwa ilivyo, yote yaliyokuwa kwenye RAM yake yanaandikwa kwenye diski ya mwenyeji. RAM ikijaa, Linux inamwaga sehemu yake kwenye eneo linaloitwa swopu, nalo pia liko kwenye diski.

Kuna pia milango tunayoifungua wenyewe kwa kutaka wepesi. Folda la pamoja, ambalo mgeni na mwenyeji wote wanaliona. Ubao wa kunakili wa pamoja: unanakili neno la siri nje, na programu mbaya ya ndani inaweza kulisoma. Flashi inayopitishwa moja kwa moja. Kila kimoja kina faida yake, na kila kimoja ni mlango kati ya vyumba viwili tulivyosema vimetengana.

Baada ya kuhesabu haya yote, niliona wazi jambo ambalo ndilo nataka mlishike leo. Mashini pepe inamlinda mwenyeji dhidi ya mgeni. Haimlindi mgeni dhidi ya mwenyeji. Na sauti zenu ni wageni. Anayeshika kompyuta iliyo wazi ameshika vyumba vyote, hata viwe ishirini. Kwa hiyo kufuli la maana ni la mlango wa nje.

Kufuli hilo kwenye Linux linaitwa LUKS. Linafunga diski nzima kwa siri: mfumo, folda la nyumbani, /var, swopu, kila kitu. Bila neno la siri, diski ni mchanga mtupu. Unapoweka Ubuntu, Debian au Fedora, swali la kufunga diski linakuja wakati wa kuweka mfumo, na wengi wanalipita haraka. Ukitaka kulifunga baadaye, njia rahisi ni kuhifadhi vitu vyako pembeni na kuweka mfumo upya. Mwenzangu anayetaka kujua kama diski yake imefungwa aandike amri lsblk. Kama kwenye orodha haoni neno crypt, hajafungwa. Na neno la siri liwe refu, maneno matano au sita yasiyohusiana, si jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa.

Lakini kufuli linafanya kazi tu mlango ukiwa umefungwa. Kompyuta iliyofunikwa kifuniko na kulala tu, ufunguo wake bado uko ndani ya RAM. Kwa hiyo kabla ya kupanda pikipiki mimi naizima kabisa. Najua inachukua dakika mbili kuwaka tena. Barabarani kuna barieri, na dakika mbili si kitu.

Hapa mtu ataniuliza, na ni haki yake: barieri hawataki kujua LUKS. Mwenye bunduki anasema «fungua», nawe utafungua. Ni kweli. Hakuna hesabu inayomshinda mtu aliyesimama mbele yako na silaha, na sitamwambia mwenzangu yeyote afe kwa ajili ya neno la siri. Ndiyo maana ulinzi mkubwa kuliko wote si programu. Ni kutobeba kitu. Kisichokuwa kwenye kompyuta hakiwezi kufunguliwa. Safari ya kwenda kijijini naifanya na kompyuta ambayo mashini za habari nyeti hazimo. Orodha ya majina siiweki pamoja na sauti. Faili inapewa namba tu, na namba hiyo inamjua mtu mmoja.

Kuna jambo jingine watu wanachanganya. Wanadhani mashini pepe inawaficha kwenye intaneti. Haiwafichi. Kwa kawaida mgeni anatoka kupitia mwenyeji, kwa anwani ile ile ya IP, na kampuni inayokuuzia intaneti inaona ulikwenda wapi kama kawaida. Anayetaka kuficha njia anatumia mtandao wa Tor. Kuna mfumo unaoitwa Whonix uliojengwa kwa wageni wawili: mmoja ni mlango tu wa kutokea kwa Tor, mwingine ni wa kufanyia kazi, na huyu wa pili hana njia nyingine ya kutoka ila kupitia mwenzake. Kuna Tails, inayoanza kutoka kwenye flashi na kusahau yote unapozima. Watengenezaji wa Tails wenyewe wanaonya kwamba ukiiendesha ndani ya mashini pepe, mfumo wa nje unaweza kuona unachofanya. Ni habari ile ile ya mwenyeji na mgeni. Na kuna Qubes, iliyojengwa yote juu ya kutenganisha vyumba, lakini inapendekezewa RAM ya giga 16. Mimi nina 8. Nimechagua Linux ya kawaida iliyofungwa kwa LUKS, na mgeni mmoja kwa wakati mmoja, ninayempa giga 2 au 3. Kufuli dogo unalolifunga kila siku linashinda kufuli kubwa lililoachwa dukani.

Wenzangu wengine wananicheka. Mmoja aliniambia: «Kaka, haya ni mambo ya Ulaya. Hapa watu wanaiba mashini wauze, hawatafuti habari.» Nilimjibu kwamba anayeiba hajulikani atamuuzia nani, na anayenunua hajulikani atafungua nini. Yeye mwenyewe anamjua mwandishi aliyeibiwa kompyuta usiku, na juma zima hakulala, si kwa ajili ya bei yake, ila kwa ajili ya sauti zilizokuwamo. Kompyuta inanunuliwa tena kwa dola. Mtu aliyekuamini hanunuliwi.

Siku ya pili nilirudi kwa mama. Nilimwambia hivi: «Mama, yaliyo mkononi mwangu nimeyapanga. Sauti yako itaingia katika mashini yake peke yake, ndani ya diski iliyofungwa mara mbili, ya nje na ya ndani. Haitapigwa snapshoti. Habari ikitoka, mashini hiyo naifuta yote, na kadi ya kinasa sauti pia. Kitakachobaki kwenye diski kitakuwa kimefungwa bado, na neno la siri la ndani sikuliandika popote. Lakini yaliyo nje ya mkono wangu siwezi kukuahidi. Redio ikishatangaza, mtu anaweza kuirekodi kwenye simu yake, na hiyo simfuti mimi.»

Akakaa kimya. Halafu akauliza: «Na kama maneno yangu yakisomwa na mtu mwingine?»

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Mliyasikia maneno yake kwa sauti ya mwenzetu wa studio, na mkadhani ni kwa sababu ya Kiswahili chake. Hapana. Ni kwa sababu yeye alichagua, na alichagua akijua. Kufuli zote nilizozieleza hazikumpa usalama uliompa swali lake moja.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlio makambini na katika familia zilizowapokea, mwandishi akija, mimi au mwingine, au mtu wa shirika mwenye kompyuta na orodha ya majina, mna haki ya kuuliza. Nchi yetu ina Kanuni ya Dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuna sehemu ya kulinda habari za mtu binafsi. Lakini hata bila sheria, maswali haya hayahitaji wakili. Sauti yangu utaiweka wapi? Diski yako imefungwa kwa siri, au ina neno la siri la kuingilia tu? Nani mwingine atasikia kabla haijapunguzwa? Jina langu liko pamoja na sauti yangu? Utaifuta lini, na nakala ziko ngapi?

Akisema «usiwe na wasiwasi» bila kueleza, wasiwasi wako una sababu. Akisema «nipe siku mbili niangalie», mngojee. Na akisema kuna jambo hawezi kuahidi, msikilizeni vizuri, halafu chagueni wenyewe kusema, kunyamaza, au kusema kwa mdomo wa mwingine. Zote tatu ni haki yenu.

Kwenu wenzangu wa redio za jamii: usiku wa leo andikeni lsblk.